Historia ya Uchunguzi wa Mishipa ya Damu ya Farasi Wachanga kwa Njia ya Picha: Mtazamo kutoka Njombe na Makambako, Tanzania

Ikisiri

Insha hii inajadili historia ya uchunguzi wa kasoro za mishipa ya damu kwa farasi wachanga kwa kutumia picha za kitabibu. Historia hiyo inatazamwa kutoka Njombe na Makambako, mahali ambapo farasi ni wachache mno na ambapo picha za aina hiyo hazijawa sehemu ya huduma ya kawaida ya mifugo. Hoja ya msingi ni kwamba uhaba wa farasi katika Nyanda za Juu Kusini ni matokeo ya kihistoria yenyewe, kwa kuwa yalichangiwa kwa kiasi kikubwa na maradhi yanayoharibu mishipa ya damu muda mrefu kabla ya kuwapo chombo cha kuitazama mishipa hiyo katika mnyama aliye hai. Mzigo ambao farasi hakuubeba uliangukia migongo na vichwa vya watu, na baadaye, kwa sehemu ndogo, punda. Insha inahitimisha kuwa mashine ni kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu wa barabara, umeme, wataalamu na thamani anayopewa mnyama.

1.0 Utangulizi

Makambako ni njia panda. Hapo hupita barabara kuu iendayo Zambia, hapo huchipuka barabara ya kwenda Njombe na Songea, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA. Njombe iko umbali wa takriban kilomita 60 kusini yake, kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai huambatana na jalidi, nyasi ni nyingi, na ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya wamestawi huko kuliko katika sehemu nyingi za nchi. Mtu anayeitazama ardhi hiyo kwa mara ya kwanza angeweza kudhani kuwa ni nchi ya farasi. Hata hivyo, siyo.

Swali linalozuka ni kwa nini farasi hakuota mizizi mahali panapoonekana kumfaa, na jibu lake lina uhusiano gani na maendeleo ya tiba ya farasi kwingineko duniani. Katika hospitali za rufaa za wanyama za Ulaya na Marekani, mtoto wa farasi mwenye mvumo usio wa kawaida moyoni hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na ikibidi huingizwa katika mashine ya CT-Scan baada ya kudungwa dawa inayoifanya mishipa yake ionekane. Huduma hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa juu ya karne tatu za kumtumia farasi kama kitabu cha kujifunzia mzunguko wa damu. Kuitazama historia hiyo kutoka Njombe kunasaidia kuona masharti yake, ambayo kule ilikozaliwa yamezoeleka kiasi cha kutotajwa tena.

2.0 Farasi na Chimbuko la Elimu ya Mishipa ya Damu

Ni rahisi kudhani kuwa tiba ya wanyama imekuwa ikiifuata tiba ya binadamu. Kwa upande wa mishipa ya damu, mwanzo wake ulikuwa kinyume. Kasisi Mwingereza Stephen Hales alichapisha mwaka 1733 matokeo ya majaribio ambamo aliingiza bomba katika ateri ya farasi jike na kupima kimo ambacho damu ilipanda ndani ya kioo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kinachojulikana cha shinikizo la damu. Chuo cha kwanza cha tiba ya wanyama kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, chini ya Claude Bourgelat, aliyekuwa bingwa wa elimu ya farasi. Mwaka 1844 Claude Bernard alipitisha mrija ndani ya mishipa ya farasi hadi moyoni, na mnamo 1861 Auguste Chauveau na Étienne-Jules Marey walirekodi shinikizo ndani ya vyumba vya moyo wa farasi aliye hai.

Farasi alichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mishipa yake ni mikubwa na moyo wake hupiga polepole, hivyo kuyafuatilia matukio ndani yake ni rahisi zaidi. Pili, alikuwa mali ya thamani. Majeshi, posta, kilimo na usafiri wa mijini vyote vilimtegemea, na dola zilikuwa tayari kugharamia elimu ya kumtibu. Thamani hiyo ndiyo iliyomfanya Otto Bollinger, nchini Ujerumani, aandike mwaka 1870 juu ya minyoo inayotuna ateri za utumbo wa farasi na kusababisha msokoto wa tumbo. Jambo la kuzingatia ni kuwa Bollinger aliviona vivimbe hivyo katika mizoga. Hadi mwisho wa karne ya kumi na tisa, kasoro ya mshipa wa ndani ilithibitishwa kwa kisu, baada ya mnyama kufa.

3.0 Maradhi ya Mishipa na Uhaba wa Farasi

Upande wa Afrika, historia ya farasi kusini mwa Sahara imetawaliwa na maradhi mawili. La kwanza ni nagana, lienezwalo na mbung'o. La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake huzaliana ndani ya seli zinazotandaza kuta za ndani za mishipa midogo ya damu. Kuta hizo zinapoharibika, maji ya damu huvuja. Yakivujia mapafuni, farasi hufa akitoa povu puani, mara nyingi ndani ya muda mfupi tangu dalili zionekane. Yakivujia chini ya ngozi, vishimo vilivyo juu ya macho huvimba na kichwa hubadilika sura. Kwa maneno mengine, ugonjwa uliomzuia farasi katika sehemu kubwa ya bara hili ni ugonjwa wa mishipa ya damu.

Kumbukumbu za Rasi ya Tumaini Jema zinataja farasi wapatao 1,700 waliokufa mwaka 1719, na karibu 70,000 katika mlipuko wa 1854 na 1855. Mwaka 1900 John M'Fadyean alionyesha kuwa kisababishi hupenya vichujio vinavyozuia bakteria. Arnold Theiler, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya Onderstepoort iliyofunguliwa karibu na Pretoria mwaka 1908, aliutafiti ugonjwa huo kwa miaka mingi. Chanjo ya kutegemewa ilipatikana miaka ya 1930 kwa kazi ya R. A. Alexander, na mwaka 1944 R. M. du Toit alithibitisha kuwa waenezaji ni wadudu wadogo wa jamii ya usubi, ambao huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Wakulima wa Afrika Kusini walikuwa wameligundua sehemu ya jambo hilo zamani. Walifungia farasi zizini kabla ya jua kutua na kuwahamishia milimani msimu wa mvua, na farasi aliyeugua akapona aliuzwa kwa bei ya juu sana.

Kwa mujibu wa mantiki hiyo, uwanda wa Njombe ungepaswa kuwa kimbilio, kwa kuwa jalidi hupunguza usubi na mbung'o hawastahimili baridi yake. Tatizo ni kwamba uwanda huo ni kama kisiwa. Kaskazini-magharibi uko uwanda wa Usangu na bonde la Ruaha Mkuu. Mashariki liko bonde la Kilombero. Farasi aliyeshushwa pwani alilazimika kupita katika nyanda za joto zenye mbung'o, usubi na pundamilia, ambao hubeba virusi hivyo pasipo kuonyesha dalili. Aidha, farasi mmoja aliyefika salama hakuwa kundi la uzazi. Mtoto wa farasi hupata kinga ya muda kutoka kwa dang'a ya mama yake, lakini kinga hiyo hufifia ndani ya miezi michache, na baada ya hapo mnyama huyo mchanga hana ulinzi. Pasipo chanjo, kila kizazi kilianza upya.

4.0 Vita vya 1916 na Mzigo wa Wapagazi

Utawala wa Kijerumani haukupuuza tiba ya mifugo. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka ng'ombe na kuziacha jamii za wafugaji katika njaa. Robert Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza maradhi ya mifugo na ya binadamu, na maabara ya mifugo ya Mpwapwa ilianzishwa mwaka 1905. Chombo kikuu kilikuwa hadubini. Tone la damu lililotandazwa juu ya kioo liliweza kuonyesha vimelea vya nagana, lakini halikuonyesha virusi wala hali ya ukuta wa mshipa.

Mipaka ya elimu hiyo ilidhihirika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Jenerali Jan Smuts liliingia kutoka kaskazini mwaka 1916 likiwa na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na ndani ya mwaka huo makumi ya maelfu ya farasi, baghala, maksai na punda waliangamia, wengi kwa nagana, wengine kwa ugonjwa wa farasi, njaa na uchovu. Upande wa kusini, kikosi cha Brigedia Jenerali Edward Northey kilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mwezi Mei 1916, kikapita Ubena na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti. Mapigano ya Malangali, Lupembe na Ilembula ya mwaka huo yalifanyika katika ardhi inayoizunguka Njombe na Makambako ya leo.

Kikosi hicho kilitegemea zaidi wapagazi. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na watu waliokusanywa kutoka vijijini pande zote mbili za mpaka, wengi wao kwa kulazimishwa, na katika vita vyote vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hapa ndipo historia ya mishipa ya farasi inapogusa historia ya binadamu. Pale ambapo mwili wa mnyama ulishindwa, mzigo haukutoweka. Ulihamishiwa begani mwa mtu. Haitoshi kusema kuwa maradhi ya wanyama yaliamua hatima ya wapagazi, kwa kuwa kulazimishwa kwao kulikuwa uamuzi wa watawala. Hata hivyo, maradhi hayo yaliondoa njia mbadala, na hilo ni la kuzingatiwa na kila anayeandika historia ya vita hivyo.

5.0 Kutoka Kisu hadi Picha

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwezi Novemba 1895. Mapema mwaka 1896, huko Vienna, mishipa ya mkono uliokatwa kutoka kwa maiti ilijazwa dawa na kupigwa picha, na mwaka huohuo madaktari wa wanyama wakaanza kupiga picha za miguu ya farasi. Ilichukua miongo mitatu kabla ya mishipa ya mtu aliye hai kuonekana vyema: Egas Moniz alifanikiwa kupiga picha za ateri za ubongo mjini Lisbon mwaka 1927.

Njia ya pili ilikuwa sauti. Inge Edler na Hellmuth Hertz, huko Lund, Sweden, walitumia mawimbi ya sauti kuutazama moyo mwaka 1953, na miaka michache baadaye Shigeo Satomura nchini Japani alitumia kanuni ya Doppler kutambua mwendo wa moyo na damu. Utafiti wa moyo wa farasi kwa mawimbi ya sauti ulichapishwa Marekani mwaka 1977, na mwaka 1980 Eric Palmer na mwenzake nchini Ufaransa walionyesha matumizi yake katika uzazi wa farasi. Kuanzia hapo, mashine hiyo ilitoka maabara na kuingia zizini.

Njia ya tatu, CT-Scan, ina mzizi Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo la kuunda picha ya vipande vya mwili alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mashine yenyewe ilitengenezwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mlolongo huu unaonyesha mgeuko: elimu ya mishipa iliyotoka kwa farasi kwenda kwa binadamu sasa ilirudi kwa farasi ikiwa katika umbo la mashine zilizobuniwa kwa kipimo cha mwili wa binadamu.

6.0 Farasi Mchanga na Mipaka ya Mashine

Kipimo hicho cha mwili ndicho kinachomfanya farasi mchanga awe wa pekee. Tundu la CT-Scan linaweza kupokea kichwa au mguu wa farasi mzima, lakini halipokei kifua na tumbo lake. Mtoto wa farasi, ambaye huzaliwa akiwa na uzito wa takriban kilo 50, huingia. Kwa hiyo ujana wa mnyama ndio dirisha ambamo mishipa yake mikubwa ya ndani inaweza kuonekana kikamilifu, iwapo atalazwa kwa nusukaputi na kudungwa dawa yenye madini ya ayodini.

Kasoro zinazotafutwa ni za aina tatu kuu. Aina ya kwanza ni za kuzaliwa. Kabla ya kuzaliwa, kijusi kina mfereji unaounganisha ateri ya mapafu na aota, kwa kuwa mapafu hayajaanza kazi. Kwa kawaida mfereji huo hujifunga siku chache za mwanzo za uhai. Usipojifunga, damu huendelea kuvuka na moyo huchoka. Mvumo unaosikika kwa stethoskopu siku ya pili unaweza kuwa wa kawaida. Unaosikika baada ya wiki kadhaa unahitaji picha. Aina ya pili ni maambukizi ya mishipa ya kitovu, ambayo yanaweza kupeleka usaha kwenye ini na maungo wakati kitovu chenyewe kinaonekana kimekauka. Hapa mawimbi ya sauti yamekuwa na manufaa makubwa tangu miaka ya 1980. Aina ya tatu ni ile ya Bollinger: mabuu ya minyoo yanayosafiri ndani ya ateri ya utumbo na kuacha uvimbe na mabonge ya damu. Dawa ya ivermektini, iliyoingia sokoni mwaka 1981, ilipunguza sana kasoro hiyo. Hivyo, miongoni mwa kasoro hizo tatu, moja ilidhibitiwa zaidi na dawa ya minyoo kuliko na mashine yoyote.

7.0 Punda, Barabara na Umeme

Baada ya uhuru, masharti ya usafiri katika nyanda hizi yalibadilika kwa kasi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Hata hivyo, lami haikufika mlangoni mwa kila kaya. Mradi wa usafiri vijijini ulioendeshwa Makete kuanzia mwaka 1985 kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kazi Duniani ulibaini kuwa sehemu kubwa ya usafirishaji ilikuwa ya kuni, maji na mazao, na kwamba wanawake ndio walioibeba kwa vichwa. Miongoni mwa hatua zilizopendekezwa ilikuwa kutumia punda.

Pendekezo hilo linaeleweka vyema likiwekwa ndani ya historia iliyotangulia. Punda wa Afrika akiambukizwa virusi vya ugonjwa wa farasi, kwa kawaida haugui kwa kuonekana. Mishipa yake hustahimili kile ambacho mishipa ya farasi haikustahimili. Lakini hakingiwi dhidi ya yote. Minyoo ya ateri humpata pia, na mtoto wake huzaliwa na mfereji uleule unaopaswa kujifunga. Tofauti ni kwamba akifa, kifo chake huandikwa mara chache, na uchunguzi wa mzoga hufanyika kwa nadra.

Zana za taaluma zimekuwapo, ila kwa umbali. Mafunzo ya tiba ya mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikaanzishwa hapo mwaka 1984. Kutoka Makambako hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 400, safari ambayo mtoto wa punda mwenye moyo dhaifu anaweza asiimalize. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa. Mkoa wa Njombe wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018. CT-Scan haiwezi kutangulia umeme wa kutegemewa, na umeme peke yake hauleti mtaalamu wa kuisoma picha.

Kuna pia suala la thamani. Hospitali za rufaa za farasi zimesimama juu ya wanyama ambao bei yao huzidi gharama ya kipimo. Kwa mfugaji wa Njombe, mnyama anayekaribia thamani hiyo ni ng'ombe wa maziwa, wala si punda. Ndiyo maana mashine ya mawimbi ya sauti inayobebeka ina nafasi halisi zaidi ya kufika huko kupitia ng'ombe, kwa ajili ya kupima mimba na matatizo ya uzazi. Ikishafika, kichwa chake kilekile, au kingine cha kubadilisha, kinaweza kuwekwa juu ya kitovu cha mtoto wa punda.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa historia ya kuitazama mishipa ya farasi wachanga ina pande mbili zisizotenganishwa. Upande mmoja ni wa Hales, Chauveau, Cormack na mashine zilizofuata. Upande wa pili ni wa mahali ambapo mishipa hiyo iliharibika pasipo kuonekana, na watu wakabeba matokeo yake. Njombe na Makambako ni sehemu ya upande huo wa pili.

Mambo matatu yanajitokeza. Mosi, kukosekana kwa farasi si hali ya asili tu ya nchi. Ni zao la virusi, wadudu, njia za usafiri na maamuzi ya watawala. Pili, teknolojia ya picha hufuata thamani ya mnyama, na thamani hiyo hupangwa na uchumi zaidi kuliko na uzito wa kazi anayoifanya. Tatu, kwa Nyanda za Juu Kusini, hatua yenye maana si kusubiri CT-Scan ya wanyama. Ni kuimarisha kwanza dawa ya minyoo, usafi wa kitovu, stethoskopu mikononi mwa maofisa mifugo wa kata, uchunguzi wa mizoga unaoandikwa, na baada ya hapo mawimbi ya sauti yanayobebeka.

Inapendekezwa kuwa tafiti zijazo zichunguze vifo vya punda wachanga katika wilaya za Njombe, Wanging'ombe na Makete kwa kutumia kumbukumbu za ofisi za mifugo na masimulizi ya wafugaji, hasa wanawake, kwa kuwa ndio waliobeba mzigo kabla ya punda na ndio huubeba tena punda anapokufa.